Mgao wa Landrova ya Baba

Landrova ya baba haikuwa na paa. Zamani ilikuwa na turubai, lakini mimi sikuwahi kuliona. Baba alisema lilichanika kabla hajaoa, babu akalikata vipande vya kuanikia mahindi, na hakuna aliyefikiria kununua lingine. Mvua ikitukuta njiani tulinyeshewa. Tulikuwa na magunia ya kujifunika kichwa, na sakafuni baba alitoboa matundu ili maji yatoke. Majirani zetu wa Kitale walikuwa wakituona tumerudi tumelowa, wanasema, "Hao walinunua nusu gari. Hiyo nusu ingine watamalizia wakivuna."

Babu alikuwa dereva wa mzungu mmoja aliyekuwa na shamba la mahindi nje ya Kitale. Mzungu alipouza shamba na kurudi kwao, alimwachia babu landrova badala ya kiinua mgongo. Babu akaiendesha mpaka macho yakamwisha, kisha baba akaichukua. Mimi niliikuta nyumbani kama nilivyoukuta Mlima Elgon. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna siku utaangalia upande ule na usiione.

Rangi yake ilikuwa kijani, ila pale mikono ya watu ilipozoea kushika rangi ilikuwa imekwisha, bati jeupe likaonekana. Bati lenyewe ni la alumini, kama sufuria, halishiki kutu. Likibonyea, baba aliligonga kwa nyundo kutoka ndani na likarudi karibu kama lilivyokuwa. Kila bonyeo la ubavuni lilikuwa na habari yake. Hili ni la ng'ombe aliyekataa kushuka. Lile ni la siku mama alipoanza kujifunza kuendesha, akaacha siku hiyohiyo.

Betri ilikuwa ya kubahatisha, kwa hiyo tuliiwasha kwa hendeli ya mbele. Baba alinifundisha kuishika, kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kwa sababu hendeli ikirudi nyuma kwa nguvu huvunja gumba. Baada ya hapo ndipo alinifundisha klachi na gia. Kioo cha mbele kilikuwa vipande viwili ndani ya fremu moja. Ukilegeza skrubu za pembeni, unakilaza chote juu ya boneti, na hapo huna kitu kati yako na barabara. Siku za kiangazi baba alikilaza tangu tunapotoka nyumbani. Wadudu walitupiga usoni. "Funga mdomo," alikuwa akisema, "lakini macho usifunge."

Baba alikuwa na nyumba mbili. Nyumba ya kwanza ni ya mama mkubwa, mke wake wa kwanza, karibu na Chwele, kwenye ardhi ya ukoo. Nyumba ya pili ni ya mama yangu, huku Kitale, kwenye kipande alichonunua babu. Landrova ndiyo iliyotuweka pamoja. Ilitoka kwetu na mahindi na kurudi na ndizi na kuku waliofungwa miguu. Ilimbeba mama mkubwa kuja kumwona mama alipojifungua, na ikawaleta ndugu zangu wa Chwele kutusaidia kuvuna. Tuliisikia kabla haijafika kwenye kona ya kanisa, na mama alikuwa anaongeza maji kwenye ugali bila kuambiwa na mtu.

Mimi ni mtu wa haya. Shuleni mwalimu akiuliza swali nilijua jibu, lakini mdomo ulikataa, na darasa la nane likawa mwisho wangu. Kanisani huwa nakaa nyuma ya nguzo. Lakini ndani ya landrova hakukuwa na pa kujificha. Nilipokuwa mdogo nililala chini kati ya magunia ili watu wa barabarani wasinione, na baba hakunikemea.

Mwaka wangu wa kutahiriwa ulipofika, ilinibidi niende kwa mjomba, kama ilivyo desturi yetu Wabukusu, kumwalika na kupewa nyama. Wajomba zangu wako karibu na Webuye. Ni mbali kukimbia kutoka Kitale, kwa hiyo baba alitupeleka. Nilisimama nyuma na kupiga njuga zangu za mkononi, na binamu zangu wakaimba mpaka sauti zikakauka. Mjomba alichinja fahali, akanivisha shingoni ukanda wa nyama mbichi, ule tunaouita luliki. Tukarudi kwa barabara kuu. Mafuta ya nyama yalinitiririka kifuani na nzi wakatufuata. Madereva wa malori walipiga honi. Wanawake waliokuwa wakiuza vitunguu kando ya barabara walipiga vigelegele, na hawakunijua mimi ni mtoto wa nani. Nilitaka kuchutama. Baba hakugeuka, alisema tu, "Simama wima. Wakuone."

Nikasimama wima mpaka nyumbani. Kama gari lingekuwa na paa ningekaa ndani katikati ya watu na hakuna ambaye angejua kwamba nimevaa luliki. Siku hiyo peke yake sikuona haya. Sijapata nyingine kama hiyo.

Mwaka jana baba alianza kuvimba miguu. Alipozidiwa, ndugu yangu mkubwa wa Chwele alipiga simu akisema atatuma teksi. Baba akakataa. Tulitandika godoro nyuma ya landrova, akalala chali, mama akakaa kando yake, na mimi nikaendesha polepole mpaka hospitali ya misheni ya Lugulu. Njia nzima baba hakuinuka, lakini alijua tulipofika. Aliangalia vilele vya miti na nyaya za stima. "Hapa ni Kamukuywa," alisema. "Huo mkaratusi ulikatwa tawi nikiuona." Kabla ya Lugulu alinyamaza. Nikafikiri amelala.

Hospitali hakutoka akiwa hai. Tulimrudisha Chwele kwa landrova ileile. Jeneza lilikuwa refu kuliko nafasi, mlango wa nyuma ukaachwa wazi na kufungwa kwa kamba. Njiani ilianza kunyesha. Mama mkubwa alivua leso yake akalifunika jeneza, halafu akafikiri kidogo, akaiondoa.

"Mwacheni," alisema. "Huyu alizoea."

Kulikuwa na mtu wa Kitale ambaye kwa muda mrefu alikuwa akimwomba baba amuuzie hiyo landrova. Kazi yake ni kuzungusha wageni kwenye msitu wa Mlima Elgon. Baba alikuwa akimcheka. "Utainunua na miguu yangu ikiwa ndani?" alimwuliza. Mtu huyo alikuja mazishini, akatupa udongo kaburini kama wengine, kisha akamwendea baba yangu mdogo na kumwambia maneno yake kwa sauti ya chini. Baba mdogo akamjibu aje siku ya soko ya wiki ifuatayo, atakuta ukoo umeshakaa.

Sisi, siku chache baada ya mazishi, tunakaa kunyolewa na kugawa mali ya marehemu. Siku hiyo tunaiita lufu. Tulikaa uani, vichwa vyote vinang'aa na vina baridi. Baba mdogo ndiye aliyeongoza. Ardhi haikuleta maneno kwa sababu baba aliipanda mipaka mwenyewe. Ng'ombe pia walikwisha mapema.

"Sasa tumefika kwa gali," alisema baba mdogo.

"Gali ni nini?" aliuliza mpwa mmoja nyuma, mzaliwa wa Kitale, na wenzake wakaficha vicheko.

"Ni ile ilikubeba ukiwa na surua, ukitapikia watu," alisema baba mdogo. "Nyamaza."

Ndugu yangu mkubwa, mtoto wa kwanza wa nyumba ya kwanza, alisimama. "Mimi ndio kifungua mimba. Gari ya baba ikae hapa kwa boma yake, karibu na kaburi yake."

"Na mahindi ya Kitale itabebwa na nini?" aliuliza mama yangu. "Na mgongo yangu?"

"Si ukuje tu uchukue ukitaka, mama."

"Nitakuja na nini? Na mbawa?"

Watu wakacheka, lakini hawakucheka sana. Ndugu mwingine akasema, "Iuzwe bana. Yule mtu wa Kitale anaitaka. Tugawe pesa, tumalize hii maneno."

Wengi waliitikia. Niliona jambo linaelekea kuisha hivyo. Nilikuwa nimejiwekea picha moja kichwani, landrova inavutwa kwenda kwa mtu asiye wetu, na sisi tumesimama hapo. Sikuwa na picha nyingine. Kwenye lufu kila mtoto huzungumza mara moja, kuanzia mkubwa hadi kitinda mimba, ni kifungua mimba tu anayeruhusiwa kujibu tena, na kitinda mimba ni mimi. Ilipofika zamu yangu nilisimama. Nikashika bega la mama.

"Isiuzwe," nilisema.

"Sema na nguvu," alisema baba mdogo. "Hata yule pale kaburini asikie."

"Isiuzwe. Ni ya baba."

Watu hawakuangalia landrova, waliniangalia mimi. Baba mdogo alitikisa kichwa chake kipya cha wembe.

"Huyu mtoto hajawahi kuniomba hata chumvi," alisema. "Leo amesema. Neno lake lisianguke chini. Gali haiuzwi."

Nilifurahi. Nasema kweli, kwa muda ule nilifurahi, na niliona mama pia amefurahi.

"Sawa, haiuzwi," alisema ndugu yangu mkubwa. "Inakaa kwa nani?"

Ikikaa Chwele, nyumba ya pili imenyimwa. Ikikaa Kitale, nyumba ya kwanza imenyimwa. Na mali ya marehemu ikiliwa na nyumba moja huku nyingine inatazama, kwetu ni balaa, watoto huanza kuugua. Walizunguka na swali hilo mpaka jua likatupiga vichwani. Mwishowe baba mdogo alionyesha ile ngozi ya fahali wa matanga iliyoanikwa ukutani.

"Huyu tuliuza?" aliwauliza watu.

"Hapana."

"Kulikuwa na ugomvi?"

"Hapana."

"Kwa sababu kila nyumba inajua nyama yake. Wapwa wanajua yao, wajane wanajua yao, kitinda mimba anajua yake. Hakuna aliyelia."

"Lakini injini ni moja," alisema ndugu yangu.

"Hata ini ni moja. Na tunaigawa."

Watu walicheka kwa nguvu, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. Kuigawa kama fahali kulikuwa haki. Hakuna aliyeweza kusema kwamba si haki, kila mtu alipata na neno langu likaheshimiwa. Nilikuwa bado nimesimama. Kulikuwa na neno lingine la kusema, lakini nilikuwa nimeshasema, na pale kitinda mimba husema mara moja. Mama akanivuta shati nikakaa.

Wiki iliyofuata alikuja fundi kutoka soko la Chwele. Mama alikuwa amerudi Kitale kukamua ng'ombe, mimi nikabaki. Ndugu zangu walitandaza majani ya mgomba uani kama tunavyofanya kwa nyama, kwanza kwa mzaha, halafu ikawa ndivyo kweli, kila rundo na mwenyewe. Fundi alifungua kwa spana na nyundo. Skrubu nyingine hazikuwa zimeguswa tangu enzi za babu.

"Mimi hufungua gari nikijua nitafunga," alisema fundi. "Hii nafungua tu."

"Funga mdomo, fungua gari," alijibu ndugu yangu, wakacheka.

Injini na gia zilikwenda nyumba ya kwanza, wakasema hicho ni kifua. Magurudumu yalikwenda kwa wapwa. Viti na bati la nyuma viliandikiwa mama yangu, ila ilibidi visubiri mtu wa kuvibeba, na gari la kuvibeba ndilo hilo lililokuwa chini. Boneti alipewa mama mkubwa. Milango ilikwenda kwa dada zangu. Mimi kitinda mimba nikapewa kioo cha mbele. Fundi alikilegeza skrubu za pembeni, zilezile baba alizozilegeza kwa vidole, akaniletea mikononi kama mtoto. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyodhani. Chasisi, kile kiunzi cha chuma cha chini, hakuna aliyeiweza, ikabaki katikati ya majani.

Pikapu ikaingia uani ikivuta trela tupu. Alikuwa yule mtu wa Kitale. Alikuwa ameambiwa aje siku ya soko, na leo ilikuwa siku ya soko. Alishuka, akasimama.

"Nimechelewa?" aliuliza.

"Hujachelewa, mzee," alisema ndugu yangu. "Karibu nyama."

Hakucheka. Alizunguka kutoka rundo hili hadi lile, akachutama, akagusa bati la nyuma mahali lilipogongwa na nyundo. Aliuliza kama vinaweza kukusanywa, yeye alipe kila nyumba peke yake na fundi afunge upya. Fundi akainua kichwa.

"Nyama ikishatoka kwa majani hairudi," alisema baba mdogo. "Mwenye kurudisha anaita kifo kingine. Wewe umezika na sisi, unajua."

"Najua," alisema yule mtu.

Kisha akanijia nilipokaa na kioo changu magotini. "Wewe ndiye kijana anayeiendesha?"

"Ndiyo."

"Baba yako aliniambia. Alisema una mkono mzuri, ni mdomo tu." Alikaa kando yangu kwenye gogo. "Mimi sikutaka kuibadilisha. Hata paa sikutaka. Wageni wanapenda kuona mlima bila kitu juu ya kichwa. Rangi ningeacha hiyohiyo. Na dereva nilitaka uwe wewe. Si nyinyi mko kwa hiyo barabara ya kupanda? Ingekuwa inapita kwenu kila wakati."

"Nani alijua haya?"

"Baba yako alijua, lakini alikuwa hataki kuiachilia akiwa hai. Kwa wengine nilikuwa nije niseme leo."

Aliinuka, akasema kwamba anarudi Kitale, kama nataka nipande.

Tulikilaza kioo kwenye trela, juu ya gunia, tukakifunga na ile kamba yake nene aliyoileta ya kufungia gari zima. Niliketi mbele kando yake. Alifunga madirisha kwa sababu ya vumbi. Njiani nilikuwa nikigeuka kuangalia nyuma, na nyuma kulikuwa na trela pana, imeundwa kubeba landrova, na katikati yake kioo kimoja kinarukaruka. Pale Kamukuywa nilijaribu kuutazama ule mkaratusi uliokatwa tawi. Paa la pikapu lilinizuia. Watu wa barabarani hawakutuangalia.

Kioo kilifika kizima. Yule mtu alinisaidia kukishusha, akaniambia akipata nyingine ataniita. Hajaniita. Nimesikia alinunua gari la aina nyingine, lenye paa linalofunguka kidogo juu.

Injini ya baba inazungusha posho mill, mashine ya kusagia unga, huko Chwele. Wanasema ina nguvu, na ukipita sokoni unaisikia. Mimi sijaenda kuisikia. Boneti mama mkubwa anaitumia kuuzia nyanya. Viti vya mama havijafika mpaka leo. Wakati wa kuvuna ndugu zangu hawakuja, hawakuwa na cha kujia, na sisi mahindi yetu tuliyauzia shambani kwa mtu mwenye lori. Mama mkubwa alikuwa akipiga simu mwanzoni. Sasa ni sikukuu hadi sikukuu. Mimi ninapalilia mashamba ya watu. Nikisikia injini kwenye kona ya kanisa bado huwa nasimamisha jembe, halafu linapita gari la mtu mwingine.

Kioo kimeegemea ukuta wa chumba changu. Kuku hupenda kutaga nyuma yake. Juzi mama aliingia kuchukua mayai, akakisogeza, akafuta vumbi kwa upindo wa leso yake, kipande cha kwanza na kipande cha pili, kisha akanitazama kupitia hapo.

"Lakini ile siku," aliniuliza, na hakuwa na hasira, "ulisema isiuzwe kwa nini?"

"Nilitaka ibaki, mama."

"Si imebaki," alisema, akaweka mayai kwenye leso, akatoka.